Gurudumu la Kushoto

Kamwene, Baba Tumaini,

Nimeanza na salamu uliyokuwa ukiipeleka kwa gari kila asubuhi, ukiligonga boneti kama bega la rafiki: "Kamwene, mzee!" Mimi mkeo nilisalimiwa baadaye. Nilinuna mwanzoni, kisha nikazoea.

Sasa huyo mzee wako alinitesa. Tangu tukuzike, pikapu ilikaa nyuma ya nyumba mvua zote, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiwasha. Tulipomaliza matanga nikapakia viazi kwenda Makambako. Kwenye mteremko nikakanyaga breki, gari likanivuta kulia, kule yanakopita malori. Jamani, niliita jina lako kwa sauti! Nikakaza usukani kushoto mpaka mabega yakauma, na hivyo ndivyo nilivyoliendesha tangu siku ile.

Mdogo wako Festo akalipeleka kwa fundi mmoja Makambako. Linavuta kulia, basi eti ubovu uko kulia. Wakabadili tairi la kulia, wakaweka pedi mpya za breki huko huko kulia. Likazidi kuvuta. Festo akaitisha kikao cha ukoo.

"Shemeji, tuliuze. Gari la marehemu hili, litakumaliza na wewe."

Nikawaambia waniachie mpaka Jumapili ipite. Sikuwa nawaza viazi peke yake. Humo ndimo ulimonifundisha kuendesha, wewe kiti cha kushoto, umeng'ang'ania mlango, unasema, "Taratibu, mama, taratibu," huku mguu wako unakanyaga breki ambayo haipo. Ningewezaje kumpa mtu mwingine kiti kile?

Jumapili baada ya ibada nikakumbuka ulivyokuwa unapima. Nikaenda kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Uwemba, nikawa nakanyaga breki na kuachia, kisha nikashuka. Nikasogeza mgongo wa kiganja kwenye rimu, kama tunavyompima mtoto homa. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa la moto. La kushoto, chini ya kiti chako, lilikuwa la baridi. Nikakusikia kabisa: "Usimlaumu anayevuta, huyo anafanya kazi. Mtafute aliyelala."

Nikakaa kwenye majani nikalia, Baba Tumaini. Kwa sababu na wewe ulikaa kimya. Kila ulipokohoa ulisema ni baridi tu, na sisi watu wa Njombe nani atabishia baridi? Nikakuongezea sweta na chai ya tangawizi. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuhusu mgongo, basi mimi ndiye uliyenipeleka hospitali. Wewe ukabaki nje kwenye benchi, unakohoa. Nimekukasirikia sana, sikufichi. Asubuhi ile nilipokushika mkono, ulikuwa wa baridi hivyo hivyo, na hapakuwa na fundi wa kuitwa.

Gari lilikuwa na fundi wake. Nilimwonyesha gurudumu la kushoto, akafungua. Pistoni ya breki ilikuwa imekwama kwa kutu ya zile mvua za msiba. Akaitengeneza nikiwa nimemsimamia. Festo akapanda pamoja nami, tukarudi kwenye mteremko ule ule, nikakanyaga. Gari likasimama limenyooka. Festo akakohoa kidogo, akatazama dirishani.

"Haya, shemeji. Hatuuzi."

Ila mikono yangu haijapata habari. Kila nikikanyaga breki bado inakata kushoto, inazuia gari lisilovuta tena. Jana nikienda Makambako nilijikuta nalipeleka pembeni mwenyewe, upande wako, na mdomo ukawahi kujibu: "Nimesikia, bwana, taratibu!" Nikageuka kukutazama. Kwenye kiti chako kulikuwa na gunia la viazi, nimelifunga mkanda.

Lala, baba. Asubuhi nitamsalimia mzee kwa ajili yako.

Mkeo,
Mama Tumaini