Sola Yangu na Dawa ya Salome

Jumamosi, saa kumi jioni. Mawingu tangu asubuhi, na mvua yenyewe haiji. Moyo wangu mzito.

Mdogo wangu aliyeolewa Mitundu anataka kufunga sola nyumbani kwake. Juzi aliniandikia: "Dada, wewe una mwaka wa tatu nayo. Niambie faida na hasara, usinifiche."

Nimeanza kumjibu mara nne, nikafuta mara nne.

Faida zinaandikika haraka. Taa, redio, simu haizimi. Sisubiri nguzo za umeme ambazo ziliishia barabarani. Na nina friji ndogo, peke yangu upande huu wa Ulemo, nauza maji baridi na barafu siku za mnada.

Hasara nazo nazijua. Vumbi likikaa kwenye paneli, lazima upande ukafute. Betri haidumu kama fundi anavyoapa. Mawingu yakikaa siku tatu, unarudi gizani kama wenzako.

Iliyobaki ndiyo inanishinda kuandika.

Ukiwa na umeme peke yako, watu wanakuja kwako wamenyenyekea. Mimi nilipenda hilo. Mtu akileta simu kuchaji, nilikuwa namwacha asimame kidogo mlangoni hata kama sina kazi yoyote.

Jirani yangu Mama Salome naye alikuja hivyo. Binti yake Salome ana miaka kumi na minne na ana kisukari, kile cha kujichoma sindano kila siku. Dawa inatakiwa ikae kwenye ubaridi, kwa hiyo ikakaa kwangu. Mama yake alinieleza maneno yote ya muuguzi: isipate joto, wala isigande. Ikiganda hata mara moja imeharibika, itupwe. Nikasema nimeelewa. Ikawa asubuhi na jioni Salome anakuja jikoni kwangu, anajichoma, anarudisha chupa mlangoni mwa friji.

Mwezi uliopita mawingu yalikaa siku tatu. Friji ikawa haina nguvu, na mnada ulikuwa karibu. Nikazungusha kile kitufe cha baridi mpaka mwisho ili nipate barafu. Siku ya nne jua likatoka kali, na mimi nikasahau. Mchana nilipofungua, chupa mbili za Salome zilikuwa mawe.

Nilizishika viganjani mpaka zikayeyuka. Ndani kulikuwa na vipande vyeupe vinaelea. Nikatikisa, vikapungua. Nikazirudisha.

Sikumwambia mtu.

Ningesema, Mama Salome angeenda hospitali ya wilaya akapewa nyingine. Ilikuwa rahisi hivyo tu. Lakini kanisani wangesema friji yangu imeharibu dawa ya mtoto, na mimi nilikuwa naringa nayo. Jioni Salome akaja, akajichoma. "Asante, mama mkubwa," akasema. Nikaitikia.

Siku chache baadaye akaanza kunywa maji bila kukata kiu. Akakonda, akawa mtu wa kusinzia. Mama yake akaamua kwamba anakula vitu vitamu kwa siri shuleni. Jumapili baada ya ibada akamleta kwangu.

"Dada, zungumza na huyu mtoto. Ananidanganya."

"Sijala kitu, mama," Salome akasema. "Na sindano nachoma kila siku. Muulize mama mkubwa, huwa ananiona."

Wote wawili wakaniangalia.

Nikasema: "Salome, mtii mama yako. Acha hizo pipi."

Alichapwa palepale uani kwangu, kwa fimbo iliyokatwa kwenye ua wangu. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, nachambua mlenda. Salome hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama mimi, si mama yake.

Jumanne akaanguka shuleni.

Wakakodi gari kumkimbiza hospitali. Siku mbili za kwanza hakumtambua mtu. Na mimi siku hizo nilifanya nini? Nilizitupa zile chupa chooni, asije mtu akataka kuzipima. Halafu nikaenda kwenye maombi ya kumwombea, nikalia kuliko wengine.

Amepona, ametoka Alhamisi baada ya kulazwa siku tisa. Daktari alimwambia mama yake kwamba lazima dawa ilikuwa imeharibika, na Mama Salome akaamini aliiunguza juani njiani, siku alipoifuata.

Leo asubuhi alikuja na chupa mpya, akaziweka kwenye friji, akanipa na kidumu cha mafuta ya alizeti cha kunishukuru.

"Nimempiga mwanangu bure, dada," akasema, akaanza kulia. "Mimi mwenyewe ndiye niliyeharibu dawa, halafu nikampiga."

Nilikuwa nimeshapokea kidumu. Nikakiweka chini, nikamwambia yote, mpaka habari ya chooni. Sijifanyi kuwa mwema. Nilishindwa tu kuendelea kumtazama.

Alifuta machozi.

"Siku ile nampiga, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukakaa unachambua mlenda."

"Ndiyo."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alifungua friji, akatoa chupa zake, akazifunga kwenye pindo la kanga. Akachukua na kidumu. Alipofika mlangoni akageuka.

"Hospitali walitaka kunifundisha kuihifadhi kwenye chungu na mchanga uliolowa. Nikawaambia sina haja, nina dada yangu."

Akaenda.

Chungu na mchanga. Kila nyumba hapa ina chungu. Hakuwahi kuhitaji sola yangu. Mimi ndiye niliyehitaji wanihitaji.

Mdogo wangu nimemjibu hatimaye. Nimemwandikia afunge, inasaidia, na nimemsimulia haya yote bila kujipunguzia. Bado hajajibu.

Lakini kumwambia mdogo wangu ni rahisi, yuko mbali. Na Mama Salome, hata nikimwambia mara mia, siye aliyechapwa.

Kesho ni Jumapili. Watu wakitoka ibadani, wakiwa bado wamesimama pale nje wanasalimiana, nitamfuata Salome nimwambie mimi mwenyewe kwa sauti ya kusikika kwamba hakudanganya.

Na akiniuliza kwa nini nilinyamaza, nitamjibu nini?