Kirikuu Kimegoma, Lukozi Wanatungoja

Jumanne, 16 Julai 2024

Kirikuu, kigari changu cha mizigo, kimegoma! Siku kumi na mbili nimelala na mafua, leo ndiyo napata nguvu. Naingia, nawasha — kinawaka vizuri kabisa. Naweka gia ya kwanza, naachia klachi — kinatetemeka, kinazima. Mara tatu. Hendibreki iko chini, nimeikagua kwa macho na kwa mkono. Mara ya nne nikakanyaga mafuta kwa hasira. Kikasogea hatua moja, gurudumu la nyuma kushoto likiburuzwa bila kuzunguka, likachora mfereji kwenye mchicha wangu. Nikazima. Nikakitukana kidogo. Mama alikuwa barazani, ndiyo maana kidogo tu.

Na Jumapili tunatakiwa Lukozi! Binamu yangu Jenoveva alipiga simu jana: baba yake, mjomba Danieli, anazidi kusahau. Majina ya wajukuu hayakumbuki tena. Anayemtaja ni dada yake tu, yaani Mama. Mleteni shangazi, kasema, kabla hajamsahau na yeye.

Mama ana miaka themanini na moja. Bodaboda hapandi tangu imwangushe pale Magamba, na kwenye basi goti lake halikunjiki. Ni kirikuu au hakuna safari.

Jumatano, 17 Julai

Nimempigia fundi Jafari wa Lushoto. Ana magari ya watu mpaka Jumamosi. Lakini ni mtu mwema, kakaa kwenye simu nami muda mrefu. Swali la kwanza: kililowa? Ndiyo, nilikiosha siku moja kabla ya kuugua, na ukungu wa Julai haujaacha kushuka hapa Gare kila asubuhi tangu hapo. La pili: ulivuta hendibreki? Sikuvuta. Najua sheria — kikilowa, ni gia na jiwe kwenye gurudumu, basi, breki zisije zikagandana kwa kutu.

Akacheka. Yeye kwao ni Mazinde, huko chini tambarare. Anasema sisi watu wa milimani mikono yetu inavuta hendibreki yenyewe, hata tukiegesha kwenye uwanja wa mpira. Nikarudia: mimi sikuvuta. Akajibu "haya, dada" kwa adabu. Maana yake hakuamini.

Kazi aliyonipa: mawe magurudumu ya mbele, toa gia, piga jeki nyuma, zungusha kila gurudumu kwa mkono. La kulia linazunguka. La kushoto — wapi! Nikatandika gunia, nikalala chali kuutazama waya wa hendibreki. Umelegea, unacheza. Basi waya hauna kosa. Viatu vya breki, vile vyuma vya kubana gurudumu, ndivyo vilivyoganda kwa kutu ndani ya dramu yake.

Grisi mpaka kwenye kilemba. Nimefurahi, hata sijui kwa nini. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na leo ndiyo nimejua chini ya gari langu kukoje.

Alhamisi, 18 Julai

Jafari kasema nigonge dramu kwa nyundo, taratibu, kuzunguka, huenda kutu ikaachia. Nimegonga asubuhi nzima. Majirani wamedhani najenga.

Saa nne Mama kaniletea chai, halafu haondoki. Kasimama tu na kikombe chake. Mwisho kasema, "Niliyevuta ni mimi."

Kumbe! Nilipokuwa kitandani, kila alasiri alikuwa anaingia kwenye kirikuu kusali rozari, kwa sababu kijua kikipiga kioo, humo ndani kuna joto kuliko jikoni. Siku ya kwanza akatazama bondeni, akaogopa kisije kikaserereka naye. Akavuta hendibreki kwa mikono miwili, akaiacha hivyo hivyo siku zote. Jumatatu aliponisikia nasema kesho naendesha, akaenda kuishusha kimya kimya ili nisigombe.

Nilifungua mdomo nigombe. Maana mimi na hasira zangu! Lakini akaendelea, sauti ndogo: "Eve, nikifika Lukozi akaniuliza mimi ni nani, nitamjibu nini?"

Mjomba ni mdogo wake wa mwisho. Ni Mama aliyembeba mgongoni, aliyemlisha uji. Nimekunywa chai yangu yote, nikamimina nyingine.

Ijumaa, 19 Julai

Ukungu. Nyundo. Hakuna kitu.

Mama kasema tuahirishe mpaka Krismasi, gari lenyewe bovu. Nimemwambia Krismasi ni mbali. Kanuna. Lakini nimemwona anapiga pasi lile gauni lake la zambarau la kutokea.

Jumamosi, 20 Julai

Imeachia! Imeachia!

Jafari kaja saa tatu na mfuko wake wa spana. Kampa Mama shikamoo, Mama kaitikia, na kabla hata hajaweka mfuko chini Mama kamwambia kwamba hendibreki alivuta yeye, si Evelina, kwa hiyo asije akanisingizia. Jafari kaniomba radhi. Nimeipokea kwa madaha yote!

Kumbe dramu ina vitundu viwili ambavyo mimi nilidhani ni vya urembo. Kafungua gurudumu, kaingiza bolti mbili humo, anakaza hii kidogo, hii kidogo, ziisukume dramu nje, kama mtu anayefunua sufuria yenye mfuniko mgumu. Nyundo mara mbili. Ikalia, ikatoka. Ndani kwekundu! Kutu imeshikana kabisa. Tumepiga msasa, mimi dramu, yeye viatu. Vizuri tu, havijaisha. Kapaka grisi panapostahili, karudisha dramu, kavuta hendibreki na kuishusha mara ishirini, kila mara mimi nazungusha gurudumu. Linazunguka, linashika, linazunguka.

Nimekipandisha mpaka kanisani na kurudi. Hakuna harufu ya kuungua. Nimeshika gurudumu kwa kiganja — baridi sawa na lile lingine. Nimeimba peke yangu njia nzima. Jafari kaondoka na kabichi mbili kubwa na sifa zangu.

Mama kauliza, kwa hiyo kimepona kweli? Nikasema kweli. Akasema sawa, akaenda kulala na jua bado lipo.

Jumapili, 21 Julai

Naandikia garini, Lukozi, chini ya nyumba ya mjomba.

Tumetoka baada ya misa ya kwanza. Kirikuu kimekwenda kama kipya, kona zote za Magamba. Mama kashika rozari njia nzima. Nilipoegesha hapa mteremkoni nikashika hendibreki, naye akanishika mkono. "Usivute. Labda hatukai." Nikaacha. Nikaweka gia, nikashuka nikatia jiwe, nikarudi kukaa. Sijamharakisha. Robo saa sasa. Amekaa na mkoba mapajani, anatazama mbele. Nami nimetoa daftari ili asione kama namngoja.

Jenoveva anatoka — kamshika baba yake mkono. Jamani, mjomba kakonda! Sweta safi, vifungo vimepishana. Wanashuka taratibu. Mama kashusha kioo.

Mjomba amefika dirishani. Anamtazama. Anamtazama mno. Jenoveva anataka kumsaidia jina, nimemwashiria asiseme.

Mjomba kasema kwa Kishambaa, lugha yetu ya nyumbani, kama mtoto mwenye njaa: "Mama, mbona leo umechelewa kurudi kutoka shambani?"

Jenoveva kaziba mdomo. Mama kanigeukia. Kisha kamgeukia tena mdogo wake, kapitisha mkono dirishani, anaanza kumfungua vifungo vya sweta amfunge upya.

"Njia ilikuwa na matope, mwanangu," kasema. "Umeshakula?"

Mjomba anatikisa kichwa, hajala. Mama ananiambia bila kugeuka nivute hiyo hendibreki, nije nimfungulie mlango, kwani uji haujapikwa bado.