Nyayo za Tausi Hazifagiwi

Jumapili, 3 Agosti

Wewe mwanamke, ulipotelea wapi? Daftari liko juu ya kabati tangu mvua za mwisho, limejaa vumbi kama kaburi la asiye na ndugu. Ungekuwa mgeni ningekufungia mlango. Kaa chini, andika. Usisingizie macho.

Leo nimekaanga karanga. Nimefagia uani. Jioni Tausi kaja na mafurushi ya daftari za wanafunzi wake, kaniamkia, kisha kanyamaza. Mjukuu wangu akinyamaza ni kama redio imezimika, lazima uangalie betri.

Kapata nafasi ya kusomea hesabu Marekani. Wanamlipia kila kitu. Makaratasi tayari, anaondoka wiki ijayo.

Nimepiga vigelegele mpaka jirani yangu Mama Shija akachungulia juu ya ukuta. Kisha nimeingia chooni nikalia. Naogopa hatarudi. Ndiyo hivyo, nimeshaandika.

Jumanne, 5 Agosti

Mama Shija hana breki mdomoni. "Bi Mwamvua, umelea ng'ombe, maziwa wanakunywa wengine." Nikamjibu, wako hata kwato hana. Akacheka, akanimegea sukari. Ndivyo tulivyo.

Ila maneno yake nimeingia nayo ndani. Nikamuuliza Tausi, kwani huko wajuzi wa hesabu wameisha? Taifa lenye nguvu kuliko yote linakuja kutafuta mtu hapa mtaani kwetu Ipuli?

Akanieleza. Watoto wengi wa shule zao za kawaida hesabu zinawapiga chenga, nchi nyingine zinawapita. Wenyewe wanalalamika kila siku.

"Sasa ukubwa wameupata wapi?"

Akasema nchi yao ni pana, ina mali, wana vyuo vichache vikubwa kweli kweli. Na aliyeshindwa leo hawamfuti, anaruhusiwa kujaribu tena kesho. Halafu akasema, "Na wanapokea watu, Bibi. Penye pengo wanaita wa kuliziba, popote alipo."

Nikasema basi hao wanavuna shamba la jirani. Akasema, "Na jirani mwenyewe anakuja na jembe lake, Bibi, kwa sababu kuna mvua."

Nimempa ugali mkubwa, mdomo upate kazi nyingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimewaza nikichambua mchele.

Mimi shule sikuingia. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu, fundi cherehani, kwa chaki yake ya nguo, tukichora juu ya mabaki ya kaniki. Kwa hiyo nawaza kwa ninachokijua, na ninachokijua ni Tabora.

Mji huu haukukuzwa na shule. Shule zilikuta mji umeshakua. Ulikuzwa na njia. Mwenye pembe za ndovu alipita, mwenye shanga alipita, Mmanyema, Mwarabu, mtu wa pwani. Aliyechoka akatua mzigo, akapewa maji, akapewa pa kulala, akaoa. Vijukuu vyake leo ndio wanaojiita wenyeji, na mimi nimo.

Lakini usijidanganye, bibi kizee. Si wote waliofika kwa hiari. Bibi mzaa bibi yangu aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa amefungwa shingo, hakuna aliyemuuliza. Tausi anasema na Marekani wamo wa namna hiyo, walijenga na hawakushukuriwa. Ukubwa una harufu yake.

Tausi anakwenda na tiketi mkononi na jina lake kamili. Alhamdulillahi. Hilo peke yake ni safari ndefu ya ukoo wetu.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo kaondoka. Nina hasira naye. Nampenda.

Kwetu msafiri akitoka, uani hapafagiwi mpaka habari ifike kwamba kafika salama. Ni tangu enzi za wapagazi. Mume akienda pwani na mzigo begani, mke aliziacha nyayo zake zilale palepale. Ukizifagia umemfagia mtu mwenyewe.

Sasa mwenye digrii kaamka alfajiri, kanihurumia mgongo, kafagia uani kote! Tena kinyumenyume, kama nilivyomfundisha mwenyewe, hakuacha alama ya kidole. Kisha akarukia bajaji mlangoni.

Nikapiga ukelele. "Shuka! Vua viatu! Rudi ndani utoke upya!"

"Bibi, treni!"

"Treni haina bibi!"

Dereva akacheka mpaka akaegemea usukani. Tausi akatoka upya, pekupeku, anacheka, machozi yanamtoka. Nikachukua ungo nikafunika unyayo mmoja, kuku wa Mama Shija wasije wakauchakura.

Kapiga simu treni ikiwa stesheni ya Igalula. Matobolwa niliyomfungia, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, keshaanza kuyala. Atafika na mfuko mtupu.

Alhamisi, 14 Agosti

Kimya. Alipanda ndege jana. Simu haipatikani.

Uani pachafu. Majani, maganda, mavi ya kuku. Sifagii. Mama Shija anataka kunisaidia, nimemwonyesha mwiko.

Nimeswali. Nimeinua ungo. Unyayo upo.

Ijumaa, 15 Agosti

Kafika!

Sauti kama yuko jikoni. Mwalimu wake mkuu katoka India. Anayekaa naye chumbani ni wa Ghana, kampikia wali usiku uleule. Nimemwambia amsalimie mama yake huyo binti kwa niaba yangu. Mtu aliyempa wangu wali ni ndugu yangu, awe anajua kuzidisha au hajui.

Nikamuuliza utarudi? Akasema, "Bibi, sijui nitafanya nini. Najua nakupenda." Hakunidanganya. Nashukuru hata kwa hilo. Limeuma.

Nilikuwa na ruhusa ya kufagia. Sikufagia.

Jumatano, 20 Agosti

Binti amesimama kwa Mama Shija na begi. Neema, wa Kibondo, kaja kusomea uuguzi. Kila nyumba aliyobisha kaambiwa hatukujui, huna mtu hapa.

Nikamsikiliza kupitia ukutani. Nikawaza chumba cha Tausi, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Mimi nalia Marekani imeninyang'anya wangu, na Kibondo wameniletea wa kwao mpaka mlangoni.

Kuna bibi huko naye kaachiwa nyayo.

Nikaita, "Wewe binti, unakula dagaa?"

Jumapili, 24 Agosti

Asubuhi tulivu. Neema kaenda kanisani. Karudi, kavua viatu, kapita uani pekupeku kuanua nguo.

Nimeondoa ungo. Upepo umeshaupunguza unyayo, kisigino tu kinaonekana. Pembeni yake za Neema, mbichi.

Nikachukua fagio. Nikalirudisha.

Wewe, ukija tena kuandika, usingoje mvua. Nawa mikono kwanza, ukurasa huu umejaa mafuta ya karanga. Na upite uani taratibu, fagio uliache ndani.