Mtazama Ndege Dunguni Kwangu

Golbanti, Jumanne usiku, 1897

Laiti ningalimkatalia tangu asubuhi. Yule mgeni wa misheni, Mmarekani mpenda ndege, alipanda dunguni kwangu, kwenye jukwaa la kulindia shamba, akanisihi nisipige kelele. Nami niko pale kuamia mpunga, kazi yangu ni kufukuza ndege! Nikanyamaza kwa heshima ya mgeni. Kwelea wakashuka, wakala mpunga wa jaruba zima.

Kwa Kiswahili chake cha kuokota akasema kwao Ohio, utotoni mwake, njiwa waliziba jua. Watu wakawapiga bunduki hadi wakaisha.

Mama mkwe akadakia toka chini, "Mwanangu, mwulize walifanyaje, nasi tuwamalize hawa!"

Nikamuuliza. Akafuta macho.

Nami nikawaza: mpunga ukiisha tutakula nini?

Jioni kwelea walirudi. Nikatia donge la udongo kwenye kombeo, nikajikuta nalenga kando yao, nisiwaue. Mama mkwe asijue tu.