Mla Kiporo Amepata Mnunuzi

Kwako wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na watoto na wajukuu. Goti lako la kushoto linasemaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba linatabiri mvua kuliko redio. Sisi huku tu wazima. Kitinda mimba wetu ametimiza miaka kumi na mmoja, amerefuka, na siku hizi anatembea mikono nyuma kama mtu anayekagua barabara, kaka yako mtupu. Mimi kikohozi kimeniacha. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Sasa ni mwaka na miezi miwili tangu kaka yako atutoke, na kikombe chake bado kinaning'inia kwenye msumari wake. Hakuna aliyekataza kukitumia, ila hakuna anayekitumia.

Barua yako niliipata. Umeuliza swali moja tu na ukalipigia mstari: kama ni kweli wanaiuza ile mashine iliyomtia kaka yako aibu. Ni kweli. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lilikuwa bado linatokea, na kipande chake kimoja kinanihusu mimi mwenyewe. Vumilia nikueleze kwa utaratibu.

Wewe hukuwahi kuingia ndani ya mtambo wetu. Uliishia getini siku ile ya ugomvi. Humo ndani kuna mashine mbili kubwa zinazochoma gesi, sisi huziita Mapacha. Moshi wao hutoka wa moto sana, na badala ya kutupwa hewani hupitishwa kwenye maboila, ukachemsha maji, na mvuke wa maji hayo ukazungusha mashine ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo kaka yako aliyoibatiza Mla Kiporo. Alikuwa akisema kwamba wakubwa wameshakula wakashiba, yeye anakuja nyuma anakula joto lililobaki, na bado anatoa theluthi ya umeme wote bila kulalamika. Jina likashika mpaka mameneja wakawa wanaliandika kwenye ripoti.

Miaka miwili iliyopita gesi ya bomba letu ilipungua, mtambo ukazimwa. Tangu hapo umekuwa kimya hivi kwamba ukidondosha spana upande huu unaisikia upande ule. Njiwa wamejenga juu ya bomba la moshi la Pacha wa kwanza. Tumebaki watu kumi na wanne: walinzi, wapishi, dereva wa kreni, mafundi wa kuzungusha mihimili ya mashine kwa mkono isikae upande mmoja ikapinda, Meneja, na mimi na funguo zangu za chumba cha kumbukumbu.

Mwezi wa pili walikuja wanunuzi. Wifi, nilidhani mtambo uliotumika unauzwa kama baiskeli, mtu anapiga kengele, anabonyeza matairi, anaondoka nao. Kumbe wanauliza kama watu wanaotaka kuoa. Huyu alizaliwa lini, amefanya kazi saa ngapi, amewashwa mara ngapi, amewahi kuugua nini, nani alimtibu. Kila jibu wanalitaka kwenye karatasi. Kwa hiyo mimi, niliyezoea kukaa wiki nzima bila kufunguliwa mlango, nikawa naitwa kila baada ya dakika kumi.

Mkaguzi wao ni mtu mfupi wa makamo, mpole, ana tochi ndogo anayoivaa kichwani hata akienda kunywa chai. Walinzi wamempa jina la Tochi, na analijua, na anaitika. Aliwapitia Mapacha kwa wiki mbili akaridhika nao. Alipofika kwa Mla Kiporo akasoma historia yake, akafunga kitabu. Kisha akamwambia Meneja kwamba hao wawili watawachukua, lakini huyu wa tatu ana doa, na mashine yenye doa la namna ile kampuni yake haiwezi kuipandisha kwenye meli. Itabidi ibaki, ikatwe, iuzwe vyuma chakavu kwa uzito.

Doa lenyewe unalijua. Miaka kumi na mmoja iliyopita Mla Kiporo alianza kutetemeka, siku tatu baada ya kaka yako kumwasha. Mashine ya mvuke iliyopoa haishtuliwi. Mvuke huingizwa kidogo kidogo, chuma kipate moto taratibu, na kitabu kinasema isipungue saa tano kabla ya kubebeshwa mzigo kamili. Kamati ya makao makuu ikaja, ikasoma karatasi, ikaandika kwamba mwendesha mitambo wa zamu aliibebesha mzigo kamili baada ya saa moja. Kalamu ya ile chati inayochora mwendo wa mashine ilikuwa imekauka wino tangu wiki iliyotangulia, kwa hiyo hapakuwa na shahidi mwingine. Yeye alisema hakuharakisha. Wakamwonyesha karatasi. Ndipo wewe ukapanda gari ukaja mpaka getini, ukamwambia Meneja mbele ya walinzi kwamba kaka yako hata chai hainywi mpaka itulie, sembuse kuharakisha mashine ya serikali nzima. Walinzi wanalikumbuka neno hilo mpaka leo. Wakikuta mtu anapuliza chai humwambia aiache itulie, dada mtu asije akapanda gari.

Hawakumfukuza, walimtoa kwenye chumba cha kuongozea mitambo wakampeleka kwenye pampu za maji ya kupozea, na huko ndiko alikokaa miaka yake yote iliyobaki. Mashine nayo hawakuifungua. Waliipunguzia mzigo ikaendelea hivyo hivyo.

Sasa Tochi ni mtu asiyependa kuacha kitu bila kukiona. Alisema kabla ya kukihukumu chuma angependa kukiangalia usoni. Kikafunguliwa kifuniko cha juu, mara ya kwanza tangu mashine ijengwe, na kreni ikalia kama ng'ombe. Tulikwenda wote kuangalia, hata wapishi. Akaingia na tochi yake, akapima mhimili siku nzima, akatoka na grisi mpaka kwenye nyusi. Jioni akaja chumbani kwangu akakaa kwenye boksi la karatasi, akaniuliza kama mimi ndiye mjane wa yule mwendesha mitambo. Nikasema ndimi. Akasema basi ana jambo la ajabu la kuniambia. Mashine iliyoharakishwa hupinda mhimili, na hukwaruza kingo zake kwa ndani. Huyu mhimili wake umenyooka kama rula, na kingo zake ni safi. Alichoumwa ni mapanga ya safu ya mwisho, yale yanayosukumwa na mvuke, yamedonolewa vishimo vishimo, na vishimo vile ni vya maji mabaya ya miaka mingi. Mapanga yanabadilishwa. Akasema, mama, mwili wa mashine unasema hivi na karatasi inasema vile, na mimi nimezoea kuuamini mwili. Akaomba daftari lenyewe la zamu, lile lililoandikwa kwa mkono siku ile, wala si nakala.

Wifi, hapa nimeweka kalamu chini nikaenda kuanua nguo ambazo bado ni mbichi.

Daftari lilikuwepo. Nikalitoa, nikatoa na nakala iliyosomwa na kamati, nikaviweka kando kwa kando mezani baada ya Tochi kwenda kunawa. Unajua sisi tunavyohesabu saa, lakini saa ya ukutani ya chumba cha mitambo inahesabu mpaka ishirini na nne. Wengine kwenye daftari waliandika kwa saa ya ukutani. Kaka yako aliandika kwa saa yetu, siku zote, bila kusema asubuhi wala mchana, maana aliyekuwa zamu alijua kama jua limetoka. Kwa kuwa fomu za makao makuu zilitaka saa ya ukutani, ilibidi karani akae azigeuze moja moja. Mwandiko wa kaka yako chini ya ukurasa ulisema: saa 1, mvuke umefunguliwa. Karani akaandika saba kamili, sawasawa. Ukafunuliwa ukurasa. Huko juu aliandika kwanza fundi mwingine kwa saa ya ukutani, na karani akanakili kama ilivyo. Chini yake, mwandiko wa kaka yako tena: saa 8, mzigo kamili. Ilikuwa saa nane mchana, yaani kumi na nne. Karani akanakili nane kama ilivyo.

Saa saba zikageuka saa moja. Hakuharakisha, wifi. Aliipasha moto saa saba nzima, mbili zaidi ya kitabu.

Karani huyo ni mimi.

Hapa mtamboni nilikuwa bado kibarua wa mkataba wa miezi mitatu, na mimba ya huyu wetu ya mwisho ilikuwa ya miezi saba. Nakumbuka hata siku yenyewe. Katikati ya kazi, pale pale kwenye kufunua ukurasa, nilitoka kwenda kutapika, nikarudi, nikaendelea. Sikuwa nimejua kwamba karatasi zile zingesomwa na kamati. Zilipokuja kusomwa, halikunijia hata siku moja wazo la kurudi kuangalia. Niliamini nilichoandika kuliko alichosema mume wangu. Hilo ndilo linalonikaa shingoni, kuliko hata kosa lenyewe.

Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu nilimwendea Meneja kwanza, kwa heshima. Alinisikiliza, akavua miwani. Alisema, mama, marehemu ameshapumzika, mauzo ya Mapacha yanakwenda vizuri, unajichafua kwa faida ya nani? Nikamwambia kwamba Mla Kiporo anakwenda kukatwa kwa kosa la kalamu yangu, na kwamba kaka yako ameandikwa humo kama mtu wa haraka, na karatasi hiyo itasafiri na kusomwa na watu wasiomjua. Akarudisha miwani usoni. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati ile na hakuomba daftari, na akainuka tukaenda pamoja.

Tochi alituita wote kumi na wanne kwenye sakafu ya mashine. Nilisoma ukurasa ule kwa sauti, kisha nakala yangu, kisha nikasema ni nani aliyenakili. Sikulia. Dereva wa kreni, yule mzee anayejua kila mtu, ndiye aliyelia, akasingizia vumbi. Tochi akaandika marekebisho kwenye kitabu cha historia ya mashine: uwashaji ulichukua saa saba, mwendesha mitambo alifuata utaratibu, kosa ni la unakili. Meneja akatia sahihi, nami nikatia. Wanachukua zote tatu. Ukurasa ule unasafiri na Mla Kiporo popote anakokwenda, na jina la kaka yako limo humo.

Nilidhani hapo yamekwisha. Lakini nyaraka zote lazima ziende na mtambo, kwa hiyo wiki iliyopita nilikuwa napakia mabuku ya zamani, ya kabla sijakabidhiwa chumba. Nikakuta buku la kuazima faili, ambamo mtu huandika ametoa faili gani, saa ngapi, na amerudisha saa ngapi. Siku nane baada ya kamati kuondoka, kaka yako aliazima daftari lile la zamu pamoja na nakala yangu. Alikaa navyo robo saa. Akavirudisha, akatia sahihi.

Alijua, wifi. Aliujua mwandiko wangu kuliko mtu yeyote.

Na siku hiyo naikumbuka, maana hakuwa mtu wa kutoka kazini mapema. Nilishangaa kumwona mlangoni saa tisa. Miguu yangu ilikuwa imevimba. Akapasha maji, akaleta beseni, akaniosha miguu, akaniambia tu kwamba nimechoka. Nikafikiri amehurumia mimba. Tangu siku hiyo kila kikaratasi alichoniachia mezani kilitaja wakati wake kamili: narudi saa mbili usiku, nimetoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa namcheka. Nikamwuliza nani atadhani anarudi saa mbili asubuhi na ameondoka saa tatu ya asubuhi hiyo hiyo. Naye anacheka, anasema mtu hajui.

Wewe umemchukia Meneja miaka kumi na mmoja kwa ajili ya kaka yako, na aliyestahili alikuwa anakupikia kila ulipokuja. Sikuombi usikasirike. Kama ni kunisema, njoo unisemee hapa hapa, kitanda chako kipo na shuka nimefua. Mla Kiporo anapakiwa tarehe ishirini. Ningependa umwone.

Ukurasa ule wa buku la kuazima faili Tochi ameniruhusu niuchane nibaki nao. Mwandiko ni ule ule wa kaka yako, umelala kulia kidogo. Kwenye safu ya saa ameandika: saa nane mchana. Hilo neno la mwisho amelipigia mstari mara mbili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuliandika katika mabuku yote niliyopakia.

Wasalimie wote, mdogo na mkubwa. Mwambie mkwe wako zile mbegu za maua zimeota. Goti likaze, usilipandishe ngazi bila sababu.

Ni mimi wifi yako, uliyeniita kwa kazi yangu tangu siku ya harusi,

Karani

Jumapili, saa nne asubuhi