Nilikujibia, Spesioza

Spesioza, una makosa. Najua wafu hawagombezwi, lakini mimi nimekugombeza tangu una meno mawili, sitaacha leo kwa sababu umelala. Mtu akiletewa karatasi ya kumwondolea nyumba yake, anakataa. Anageukia ukutani, anajifanya ana usingizi, anaangusha kalamu. Wewe uliandika jina lote, hadi la ubatizo, kwa mwandiko mzuri kama uko kwenye mtihani. Nani alikutuma?

Ngoja. Hilo nitalijibu mwenyewe, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Niko Buffalo, kwa mjukuu wangu Neema, huku mitaa ya Bailey. Nimekuja wiki mbili kumpikia, maana huyu mtoto anasomea sheria na anakula mkate mkavu kama mfungwa. Nitakupa kwanza habari za Louisville. Mboga zako za lengalenga zimeota zenyewe nyuma ya nyumba, hakuna aliyepanda. Kwenye kwaya nafasi yako wamempa mke wa mzee wa kanisa, anaimba kama anayeita kuku. Koti lako la kazini, lile la chumba cha baridi kule kiwanda cha nyama, bado liko nyuma ya mlango. Nalivaa nikitoa takataka. Usinune, lina joto.

Odeta wako hapigi simu. Matanga yalipokwisha, yeye akiwa amesharudi kwake Hilliard, nilimwambia kwamba mama yake ameiandika nyumba kwa jina langu. Nikangoja anitukane, nilikuwa na majibu tayari. Akasema, "Sawa, Mama mkubwa." Akakata. Tangu siku hiyo ni kimya. Nilipokuwa nakuja huku, basi lilisimama Columbus karibu saa nzima, watu wakashuka kunyoosha miguu. Mimi nilibaki kwenye kiti, mkoba magotini, natazama mbele kama mtoto aliyevunja chungu. Mtoto wako yuko dakika chache kutoka pale, Spesi, na sikumpigia.

Sasa sikiliza. Jumanne Neema alikuwa anaandika kazi yake ya chuo, juu ya sheria za mikataba za Ulaya tangu zamani. Akaniambia, Bibi, nikikueleza wewe ukaelewa, nimefaulu. Nikamwambia aeleze, mikono ndiyo inachambua maharage, masikio hayana kazi.

Anasema Warumi walijali vitisho. Ukitia sahihi kwa sababu umetishwa, hakimu anaweza kukusaidia, lakini hofu yenyewe iwe ya kumtikisa hata mtu imara. Nikamwambia hao Warumi hawakuwa na dada mkubwa. Akacheka. Akaendelea: Wafaransa nao waliandika kwenye kitabu chao cha sheria kwamba kumwogopa baba au mama kwa heshima tu, bila kulazimishwa, hakuvunji mkataba. Kitabu hicho Wabelgiji wakakichukua, wakatuletea hadi kwetu Burundi. Hilo nililipenda. Nikasema, hao ndio watu wenye akili. Heshima ikivunja mikataba, nani ataheshimiwa?

Kisha akafika Uingereza. Huko kulikuwa na mahakimu wa mahakama ya dhamiri, hivyo ndivyo alivyoiita. Wao walisema kuna watu ambao neno lao linasukuma bila kupiga kelele: mzazi, mlezi, mchungaji, daktari. Mtu wa namna hiyo akipewa mali kubwa na anayemsikiliza, aonyeshe yeye kwamba mtoaji alitoa kwa kichwa chake mwenyewe. Wakauita ushawishi usio wa haki. Sheria za huku Marekani zimezaliwa na hizo za Uingereza, kwa hiyo na huku unajulikana.

Akanipa mfano wa mtawa mmoja wa kule. Aliapa kutii, akampa mkuu wake mali yake yote. Sheria ya nyumba yao ilimkataza hata kuomba ushauri kwa mtu wa nje bila ruhusa. Baadaye akaacha utawa, akakaa miaka, ndipo akaidai mali yake. Mahakimu wakakubali kwamba alisukumwa. Lakini alikuwa amechelewa mno, wakamnyima. Mimi nikamlaani yule mkuu wa watawa hadi ukoo wake. Nikasema mwizi ni mwizi hata akishika rozari.

Maharage yakaniishia mkononi. Nikauliza, kama naulizia habari za jirani, na dada mkubwa je?

"Dada hayumo kwenye orodha, Bibi," akasema. "Lakini orodha si ukuta. Wanaangalia jinsi walivyoishi. Kama dada ndiye aliyemlea, na mdogo hajawahi kumkatalia, basi dada ni mama."

Spesioza, umewahi kunikatalia lini? Mama alipotuacha kule kambi ya wakimbizi ulikuwa hujafika hata kiunoni kwangu. Nilikuogesha, nikakusuka, nikakuchagulia shule, nikakuchagulia na mume, na yule ulimpenda, usikatae. Nikisema kaa, unakaa. Watu walisifu: watoto wa marehemu wanavyosikilizana! Hawakuona kwamba anayesema ni mmoja na anayesikiliza ni mmoja.

Basi nilimweleza Neema yote. Nilimwambia nilivyoogopa mume wa Odeta atauza, wageni waingie jikoni kwako, na mimi nitolewe kwenye kile chumba cha nyuma ulichonipa. Tumeishi maisha yetu kwenye mahema na nyumba za kupanga, na hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza yenye mlango wetu. Nilimwambia nilivyomleta yule mama mwenye muhuri, wa kushuhudia sahihi, hadi kitandani kwako. Hakujua lugha yetu, na wewe Kiingereza chako kilikuwa cha kiwandani tu, cha kisu na boksi. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Akauliza kama unaelewa unachofanya.

Wewe ulinitazama ukasema, "Na Odeta je, dada?"

Yule mama akaniuliza umesema nini. Nikamwambia amesema ndiyo.

Kisha nikakupa kalamu, nikakuambia, andika vizuri. Ukaandika vizuri.

Haya, nani alikutuma? Mimi. Pale mwanzo nimekufokea kwamba hukuikataa karatasi, kumbe uliikataa, kwa njia yako, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa na mimi asipaze sauti. Sijawahi kukuomba radhi katika maisha yangu. Hata ile siku nilipokuchapa kwa unga uliomwagika, na aliyemwaga alikuwa mbuzi wa jirani, nilikupa tu kipande kikubwa cha muhogo, ukaelewa. Leo sina muhogo. Nisamehe, mdogo wangu. Ulikuwa mtu mzima na mimi nilikushika kama kibuyu.

Neema hakunihukumu. Alilia kidogo, akapangusa machozi, akasema nikitaka nyumba irudi kwa Odeta, inaweza kurudi, na sihitaji hakimu kuniambia. Nikasema tumwandikie sasa hivi, tumtumie, aweke sahihi Ijumaa.

"Bibi," akasema, "unafanya tena."

Mimi, Spesi, nimenyamazishwa na mtoto niliyembeba mgongoni, na alikuwa na haki.

Basi nimekubali tufanye atakavyo Neema. Jumamosi ananipeleka Hilliard kwa gari lake. Sitarudi Louisville kwanza kupumzika, sitangoja baridi iishe. Yule mtawa alingoja. Nitamwambia Odeta neno ulilosema, kama ulivyolisema, na neno nililoliweka mahali pake. Akinitoa kwenye kile chumba, nitatoka. Akitaka nibaki, nitamwagilia lengalenga. Akinifokea, nakuahidi sitamkumbusha mimi ni nani wake.

Lala, mtoto wa mama. Blanketi lote ni lako sasa, sikuvutii tena.

Na wewe Neema, najua utasoma hii kabla ya kuikunja, una mikono mirefu. Mtafutie Odeta wakili wake, asiwe rafiki yako wala mtu wa kanisa letu. Mkalimani awe mgeni kabisa. Wakianza kuongea, nifungie mimi nje, kwenye gari. Nikigonga kioo, usifungue.