Mkono wa Kwanza Katika Sahani

Kasongo, 9 Juni 1957

Kwa Octave, kifungua mimba wangu,

Jambo sana. Habari ya Kabambare, habari ya mwili, habari ya kazi? Sisi huku tuko wazima, ila mgongo wangu unalalamika kama desturi yake, nami siusikilizi. Anayeandika ni dada yako Léontine, mimi ninasema tu. Ukikuta neno tamu sana, ujue ameliongeza yeye.

Mpunga umevunwa. Baba yako mdogo Emile alikuja juzi kusema wakati umefika wa kuondoa kilio cha baba yako. Unaijua desturi ya nyumba yetu. Mjane anakula peke yake, sahani yake haiguswi na mtu, mpaka kifungua mimba wa marehemu aje, anawe, atie mkono wa kwanza katika chakula cha mama yake. Siku hiyo ndiyo nitaamka kwenye mkeka nilale kitandani, nitakwenda soko, nitakaa na wanawake wenzangu. Kabla ya hapo siingii nyumba ya mtu wala sikanyagi karamu.

Basi njoo. Kwenda, kukaa na kurudi ni kama wiki moja, na Kabambare si Ulaya.

Mimi mama yako,
Mathilde


Kabambare, 30 Juni 1957

Kwa Mama mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Léontine. Mimi mzima, homa ya mwezi uliopita imeniacha. Barua yako ililetwa na lori la pamba, ikinuka moshi wa jikoni kwako, nikakaa nayo kwanza kabla ya kuifungua.

Mama, nisikilize. Unajua mimi ni karani wa Leta, karani wa serikali. Lakini kazi ya Leta ina milango miwili. Kwa mmoja wanaingia wazungu, nao wanaitwa maofisa. Kwa mwingine tunaingia sisi weusi, tunaitwa wasaidizi, na msaidizi anabaki msaidizi hata akiota mvi. Sasa gazeti limeandika kwamba kule Ulaya, bungeni, wanazungumza sheria ya kugeuza kazi yote ya Leta hapa Kongo, iwe na mlango mmoja kwa watu wote. Bwana Administrata wetu aliniita ofisini akasema kwa Kiswahili chake: "Octave, siku ya kupanga watu iko karibu. Usitoke-toke. Mutu hayuko kwa kazi siku ile, watamupita."

Nikija sasa, nitakuja msaidizi. Ningojee kidogo nije mtu mwenye cheo, ili mkono utakaoingia katika sahani yako uwe mkono mkubwa. Baba angefurahi. Subira huvuta heri.

Kifungua mimba wako,
Octave


Kasongo, 16 Machi 1958

Kwa Octave, kifungua mimba wangu,

Jambo mwanangu. Mwili unasemaje? Unakula? Nani anakupikia? Kitambaa ulichotuma Noeli nimekipokea, asante. Nimekiweka sandukuni, kwa sababu mjane aliye kwenye mkeka havai maua.

Hao wakubwa wa bunge wanazungumza neno moja mwaka mzima? Baba zako wakikaa barazani asubuhi, jioni kesi imekwisha na mbuzi ameliwa. Labda kule kwao mbuzi hakuna.

Nimecheka, lakini nataka ujue jinsi ninavyoishi. Ninasonga bugali, ninapakua sombe ya majani ya muhogo, ninaketi nyuma ya nyumba kutazama ukuta. Upande wa mbele ninawasikia Léontine na wanawake wa jirani wakila na kucheka. Siku nyingine ninasahau ninapika chakula kingi, kama zamani baba yako akiwapo. Kikibaki hakuna wa kukimaliza, chakula cha mjane hakipewi mtu, ninawamwagia kuku. Baba yako nimemlilia machozi yote niliyokuwa nayo. Sasa ninalilia mtu wa kula naye.

Na kuna jambo lingine. François, mwalimu wa Nyangwe, amemposa Léontine. Hapa kalamu imesimama, imebidi nimwambie aandike. Watu wake ni wema, lakini hakuna arusi katika nyumba yenye kilio, na wao hawawezi kukaa wakitusubiri mpaka tuzeeke wote. Usiniambie tena subira huvuta heri. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mimi mama yako,
Mathilde


Kabambare, 7 Septemba 1958

Kwa Mama mpenzi,

Habari ya mgongo? Habari ya nyumba? Hongera kwa Léontine, na salamu kwa shemeji mtarajiwa. Mimi mzima, ila usingizi umepungua.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa ninangoja niwe na jibu. Sheria bado haijatoka. Wanasema iko karibu, na kila wanaposema hivyo tunaandika tena majina yetu, miaka yetu ya kazi na shule tulizosoma. Wenzangu wawili walichukua ruhusa kwenda kwao, Administrata akawatazama vibaya waliporudi.

Mama, ile sehemu ya ukuta niliisoma nikashindwa kuisoma tena. Lakini nikipitwa safari hii, nitazeeka nikimwita Bwana kila kijana mzungu aliyeshuka juzi, ambaye mimi ndiye ninayemfundisha kazi. Siwezi kuja nusu ya njia. Nipeni mpaka Noeli. Mwambie baba mdogo Emile asikasirike.

Kifungua mimba wako,
Octave


Kabambare, 24 Mei 1959

Kwa Mama mpenzi,

Jambo, jambo tena. Natumaini mko wazima, maana tangu Noeli sijapata barua yenu hata moja, nami najua nilikosa kuja.

Nimepita, Mama. Sheria imetoka, imefika mpaka huku, na jina langu limo. Sasa kuna mlango mmoja. Mimi si msaidizi tena, ni ofisa wa Leta. Wamenipa nyumba katika mtaa wa wazungu, ya matofali, yenye meza ndefu na viti sita. Nimekalia vyote, kimoja kimoja, kama mtoto.

Mwezi wa saba nitakuja. Osha sahani. Léontine amwambie François ataje siku ya arusi.

Kifungua mimba wako,
Octave


Kasongo, 14 Juni 1959

Kwa Octave mwanangu,

Jambo. Habari ya mwili, habari ya nyumba mpya? Sisi ni wazima, na mgongo wangu umenyamaza kidogo tangu nilale kitandani.

Ndiyo, kitandani. Barua yako imetukuta tumekwisha maliza. Baada ya Pasaka watu wa François walituma neno la mwisho. Baba yako mdogo Emile akawaita wazee wa ukoo, wakakaa barazani. Mmoja akasema tangu zamani mwanamke hajawahi kuondoa kilio nyumbani kwetu. Emile akamjibu: "Wazungu kule Ulaya wamebadilisha sheria ya Leta muzima. Sisi tunashindwa ya sahani moja?" Walibishana sana, mzee mmoja akaondoka na fimbo yake, halafu akarudi kwa ajili ya mbuzi. Jioni walikata neno. Mkono wa kwanza ni wa mtoto aliyepo.

Léontine alinawa. Mimi nilikuwa ninatazama barabara, sikuficha, kila mtu aliniona. Kisha nikaona mkono wake umo katika bugali wangu, nikaacha kutazama. Wanawake wote wakaingia, tukala mpaka tukakwangua sufuria. Sijui kama nimewahi kula chakula kitamu namna ile. Kitambaa chako chenye maua ndicho nilichovaa.

Sikukasirikii. Cheo chako nimekisikia, na nimewaambia watu wote kanisani, hata wasiotaka kusikia. Lakini ujue huyu anayeandika anaolewa wiki ijayo, anakwenda Nyangwe. Hapa nyumbani hatabaki mtu wa kuandika wala wa kunisomea, na mambo yangu sitaki kuyapeleka kwa mupe, padri wetu, ayasome kama tangazo. Kwa hiyo barua yangu ya mwisho ndiyo hii. Ukitaka kunisikia, njoo mwenyewe. Wewe ni bwana mkubwa sasa, tutakuchinjia kuku na kukuandalia sahani yako safi, peke yako, kama mgeni wa heshima.

Mimi mama yako,
Mathilde

Kaka, hili ninaliongeza mimi Léontine, mama hajui. Siku ile nilinawa polepole sana. Nilikuwa ninasikiliza kama kuna lori linakuja.


Kabambare, 2 Agosti 1959

Kwa Mama mpenzi,

Jambo sana. Habari ya mwili, habari ya mgongo, habari ya nyumba bila Léontine? Ninauliza kwa mazoea. Najua hakuna wa kukusomea.

Mwezi wa saba umepita, sikuja. Hakuna aliyenizuia. Sheria mpya ni nzuri, sitaki kuisema vibaya, imenipa hata likizo na siombi tena kwa kukunja mikono. Likizo iko mezani, imesainiwa. Lori la kwanza nililiacha, nikaliacha na la pili, kwa sababu sikujua nije kama nani. Kazi moja niliyokuwa nayo kwako imefanywa, na imefanywa vizuri.

Wazungu wa mtaa huu wananisalimu kwa kichwa wakipita. Makarani wenzangu wa zamani walikuja siku ya kwanza, nikawaambia karibuni, viti viko. Walisimama mlangoni, wakaniita Monsieur kama wanavyomwita mzungu, wakasema watarudi siku nyingine. Jioni mpishi anaweka sahani moja na uma mmoja, anafunga mlango, anakwenda kwa watoto wake. Mimi ninakula nikitazama ukuta. Wangu umepakwa chokaa, hiyo tu ndiyo tofauti.

Jumamosi ninapanda lori, safari hii nitapanda. Nina ombi moja, na ninathubutu kulisema kwa sababu halitafika masikioni mwako. Usiniandalie sahani yangu, Mama. Nisogezee tu yako.

Mtoto wako,
Octave